Maji ya Sista

Jani la kwanza lilianguka asubuhi, na Mzee Alfredi aliliona likianguka. Alikuwa amekaa sebuleni, redio mapajani, hasikilizi lolote. Lilikuwa jani pana lenye umbo la moyo, na mpaka juzi lilikuwa kijani kibichi chenye michirizi ya rangi ya maziwa. Sasa lilikuwa manjano tupu, kama limechovywa kwenye bizari. Lilijichomoa juu ya picha ya harusi, likazunguka hewani, likalala kwenye saruji mbele ya ndara zake.

“Cecilia!” aliita. “Cecilia, njoo uone! Sista ana kiu.”

Mkwe wake alitokea jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo. Akalitazama jani, akamtazama mzee, kisha akageuza macho pembeni.

“Nimpe maji, baba?”

“Nitampa mwenyewe. Wewe endelea na ugali wako.”

Sista hakuwa mtu. Ulikuwa mmea wa kutambaa uliokaa katika kopo la mafuta ya kupikia juu ya kabati la vyombo. Kutoka hapo ulishika uzi wa katani, ukapita juu ya mlango wa chumbani, ukazunguka picha ya harusi, ukavuka kalenda, ukafika dirishani na kuanza kurudi ulikotoka. Scholastika, mke wa Mzee Alfredi, alipewa kipande chake na sista mmoja wa Ndanda, enzi alipokuwa akifua mashuka ya hospitali ya misheni. Kilikuwa kipande cha urefu wa kidole. Alikileta Newala ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, ameikumbatia kifuani njia nzima. Watoto wa mtaani, wakisikia ulikotoka, ndio waliouita Sista. Jina likashika. Mgeni akiingia nyumba ile, akishaamkia watu, huuliza, “Na Sista hajambo?”

Sasa Scholastika alikuwa amelazwa huko huko Ndanda. Alianguka kwenye mteremko akitoka bondeni, ndoo kichwani, mfupa wa paja ukavunjika. Mwaka huo mashine ya kusukuma maji ilikuwa imekufa tangu kiangazi kianze, na visima vya mvua vya majumbani vilikuwa vimebakiza tope. Anayetaka maji ashuke bondeni kwa miguu yake, apande nayo kwa shingo yake. Wadogo waliteleza, seuze mwanamke mwenye wajukuu.

Siku walipompakia kwenye gari alimshika mumewe mkono. Mdogo wake Anjelina, aliyetoka Lukuledi ili akamuuguze, alikwisha kupanda.

“Baba Fortunatus, korosho zina watu wa kuziokota. Kuku wana Cecilia. Wewe niangalizie Sista tu.”

Neno hilo la mwisho lilimchoma mzee. Tu! Yeye aliyekuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika tangu nywele zikiwa nyeusi, aliyejua gunia lenye unyevu kwa kuligusa na panya kwa kumsikia, leo aangalie mmea tu. Lakini ukweli ni kwamba ghala lilikuwa limefungwa. Biashara ya korosho ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi. Wanunuzi walikuja na malori yao na mizani zao, wakasimama popote barabarani, wakapakia na kuondoka. Hakuna aliyemwuliza Mzee Alfredi kitu. Mwanawe Fortunatus naye alikuwa akizunguka na marobota ya mitumba kati ya Masasi na Tunduru. Kwa hiyo mzee alibaki na nyumba. Aliamka mapema mno, akapiga raundi kama alizopiga ghalani: dari, madirisha, kona, sakafu. Akimaliza, akaanza tena.

Katika raundi hizo ndipo alipogundua mambo mawili. La kwanza, chini ya kopo la Sista kulikuwa na bakuli la bluu, lile la kunyweshea kuku. Bakuli la kuku sebuleni! Akalirudisha jikoni. La pili aliligundua siku iliyofuata, alipoumwagia mmea maji kwa mara ya kwanza: kopo lilikuwa limetobolewa matundu chini, na maji yakatoka kwa matone, tii, tii, juu ya kabati, kisha sakafuni.

Mzee Alfredi aliyaangalia matone yale kama mtu anayeibiwa mchana. Maji yaliyopanda mlima kichwani mwa binadamu, yanamwagika chini! Hakunywa hata chai. Alikwenda moja kwa moja nyumba ya jirani, kwa Bwanali.

Bwanali alikuwa fundi bati, Myao wa Masasi aliyeoa Newala akabaki Newala, na mtani wa Alfredi wa miaka mingi. Alitengeneza ndoo, masanduku na koroboi kwa makopo makuukuu. Aliposikia kisa, aliweka nyundo chini akacheka.

“Nyie Wamakonde bwana. Mlipanda juu ya mlima mkayaacha maji bondeni, sasa mnalilia matone.”

“Acha maneno. Unaweza au huwezi?”

“Kuziba matundu kwa risasi ya kuyeyusha siwezi, nitauchoma mmea wa mama wa watu. Nitakutengenezea kopo la nje. Hilo lako litaingia ndani yake kama mtoto mbelekoni.”

“Lisivuje.”

“Alfredi, koroboi likivuja nyumba inaungua. Umeona nyumba gani imeungua kwa kazi yangu?”

Kopo likaja jioni ile ile, limeng'arishwa, pindo zake zimebanwa vizuri. Kopo la zamani likazama ndani yake mpaka shingoni. Mzee akamwaga maji kikombe kizima, akainama, akasikiliza. Hakuna tone. Kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke alilala usingizi.

Na sasa jani hili.

Aliokota jani, akaliweka mfukoni mwa shati, akampa Sista kikombe. Kesho yake yalianguka majani mengine, pale pale juu ya picha. Akampa vikombe viwili. Katika nchi ile kila kinachonyauka kina sababu moja, na hata mtoto anayejifunza kutembea anaijua: muhogo ukilala, ni kiu, mbuzi akilala, ni kiu, mtu akigombana na mkewe bila sababu, mpe kwanza maji. Mzee Alfredi hakuwa na shaka kabisa. Shaka yake ilikuwa kama maji yatatosha.

Akatoa baiskeli, akafunga madumu mawili nyuma kwa mpira, akashuka bondeni mwenyewe.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya chemchemi walimwona akija, wakagusana viwiko.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wanangu.”

“Mama anaendeleaje huko Ndanda?”

“Anaendelea.”

“Na haya maji ya nani, na mgonjwa hayupo?”

“Ya nyumbani.”

“Ya Sista hayo,” alisema mmoja nyuma yake, wala hakushusha sauti. “Majani yasiyopikika wala kulishwa mbuzi. Mwenzenu nina watoto hawajaoga tangu Jumapili.”

Walicheka. Mzee Alfredi akakinga madumu yake, masikio yamemwaka moto, akasukuma baiskeli mlimani akisimama kila kona kushika kiuno. Njia ile ilikuwa na mawe yanayoteleza. Hakuuliza mkewe alianguka wapi, lakini kila jiwe alilitazama kama mtu anayemtafuta mwizi gulioni.

Kadiri alivyoleta maji ndivyo majani yalivyodondoka. Sehemu ya juu ya mlango ilibaki kamba tupu. Alianza kuogopa kuingia sebuleni, na akiwa nje hakuweza kukaa nje. Alishika jembe akaliacha. Alikwenda shambani, akaokota korosho kiganja kimoja, akarudi mbio eti amesahau kofia. Mara nyingine alikuta udongo wa kopo unang'aa na kikombe kimelowa juu ya kabati, akadhani amesahau kwamba ameshamwagia. Uzee huo, akajiambia. Akamwagia tena, asije akawa amekosea.

Mama Yassini, mke wa Bwanali, naye siku hizo alikuwa haishi kuja kuomba chumvi.

Lililomnyima raha hasa hakulisema kwa mtu. Siku ile lilipoanguka jani la kwanza, dereva wa lori la korosho alileta habari kwamba Scholastika ana homa. Yalipoanguka mengi kwa pamoja, habari ikaja kwamba kidonda cha mgongoni kimeanza, kwa kulala sana. Mzee Alfredi alikuwa Mkristo wa ubatizo na kipaimara, ramli alikuwa haiamini. Lakini macho yake yalianza kuhesabu yenyewe. Jani moja, habari moja. Akaona wazi, kama anavyoona mkono wake, kwamba mke wake amefungwa kwenye uzi ule wa katani, na yeye ndiye aliyekabidhiwa. Sista akifa mikononi mwake, Scholastika hatarudi Newala ila ndani ya sanduku.

Asubuhi moja alishika shina kulinyoosha, likabonyea kama ndizi iliyooza. Harufu ya kinamasi ikamjia puani.

Hapo hapo akaingia chumbani, akavaa koti.

“Baba, unakwenda wapi?” Cecilia aliuliza.

“Ndanda.”

“Tumeambiwa wageni waje Jumapili, na leo Jumatano.”

“Sista anaumwa, mwanangu. Hangoji Jumapili.”

Cecilia alijifuta mikono kwenye kanga. Alionekana kama mtu mwenye pipi mdomoni mbele ya padri. Mzee hakumjali. Alikata kipande kirefu cha Sista kutoka upande wa dirishani, ambako bado kulikuwa na majani mazima, akakizungushia taulo aliyoilowesha mpaka ikachuruzika, akatoka barabarani.

Bwanali alikuwa mlangoni kwake. “Unampeleka hospitali? Umemchukulia cheti?”

“Bwanali, leo sina utani.”

Mtani wake alimtazama usoni, akaacha kucheka. Aliingia ndani akatoka na muhogo wa kuchemsha kwenye karatasi. “Kula njiani. Na umwambie shemeji kopo halijavuja.”

Lori la mnunuzi lilimbeba juu ya magunia. Likashuka mlima kwa gia ndogo, likasimama Masasi kwenye kituo cha mafuta kwa muda uliomtosha mzee kushuka na kupanda kila dereva alipokohoa, likashika barabara ya Ndanda. Maji ya taulo yalimlowesha mapaja. Vijana waliokuwa juu ya magunia walimwuliza amebeba nini.

“Mgonjwa,” alisema. Hawakumsogelea tena.

Wodini nesi alimzuia mlangoni, kwa kuwa haukuwa wakati wa kuona wagonjwa. Mzee Alfredi akavua kofia, akafunua taulo, akamwonyesha. Nesi alitazama majani, akatazama zile nywele nyeupe, akasema, “Dakika chache, babu. Na usikae kitandani.”

Scholastika alikuwa karibu na dirisha. Mguu wake ulikuwa umenyooshwa, kamba imefungwa, ikapita kwenye gurudumu dogo juu ya chuma, ikaning'iniza uzito mbele ya kitanda. Mzee aliitazama kamba ile, akaukumbuka uzi wa katani. Lakini mkewe alikuwa ameegemea mto, anachambua mchicha kwenye ungo pamoja na mdogo wake Anjelina.

“Baba Fortunatus! Kuna msiba?”

“Hapana. Una homa?”

“Homa ilishaondoka wiki iliyopita.”

“Na kidonda?”

“Kinakauka. Umetokwa jasho hivi una nini? Hicho ni nini?”

Alimwekea taulo juu ya shuka. Alikuwa amejipangia maneno tangu Newala, lakini yaliyotoka yalikuwa mengine: “Nimempa maji kila siku, Mama Fortunatus. Nimeyafuata bondeni mwenyewe. Wallahi, kama angesema Bwanali, sikumnyima hata siku moja.”

Scholastika alifunua taulo. Alilishika jani moja lililoanza umanjano, akalikunja, akalinusa. Akafuata kipande chote kwa vidole, kifundo kwa kifundo. Uso wake ulikuwa umetulia kiasi kwamba mzee alitamani apigiwe kelele.

“Bakuli langu la bluu liko wapi?” akauliza.

“Lipi?”

“Lililokuwa chini ya kopo.”

“La kuku? Nililirudisha kwa kuku.”

“Na yale maji yanayodondoka, yanadondokea wapi?”

Hapo mzee alipata nguvu kidogo. Akamweleza juu ya kopo la nje la Bwanali, pindo zilivyobanwa, jinsi lisivyovuja hata tone. Anjelina aliacha mchicha. Scholastika akafumba macho.

“Alfredi,” alisema, na hakuwa akimwita jina lake mara kwa mara, “umemkalisha Sista kisimani.”

“Alikuwa na kiu! Majani yalikuwa yanakauka!”

“Yalikuwa yanaoza. Mimi humpa kikombe kimoja mara moja kwa wiki, Jumamosi, maji niliyooshea mchele. Yanapita, yanadondoka kwenye bakuli, nawapa kuku. Anywe kila siku, amekuwa bata?”

“Kikombe kimoja kwa siku hakimzamishi mtu.”

“Kimoja?”

“Siku nyingine viwili. Vitatu, yalipozidi kuanguka.”

Scholastika alianza kuhesabu kitu kwa vidole, mara akakatiza. Akamtazama mdogo wake. Anjelina akatazama ungo. Kisha mabega ya Scholastika yakaanza kutikisika, na mzee akadhani analia, mpaka kicheko kilipomtoka na kumuumiza mguu, akasema “yalaa” na kucheka tena. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka.

“Nilimwambia Cecilia,” alisema, akifuta machozi. “Siku ile ya kuondoka. Nilimwambia, baba yako atasahau, mpe Sista maji kidogo kidogo, usimwambie, atakasirika.”

Mzee Alfredi aliona tena unga wa muhogo mikononi mwa Cecilia, na macho yaliyokimbilia pembeni. “Cecilia?”

“Na nikaona Cecilia naye mtoto, ana mambo yake. Nikamwambia Mama Yassini.”

“Chumvi!” alisema mzee kwa sauti. Nesi akageuka mlangoni.

Alikaa kitandani, japo alikatazwa. Alitaka kukasirika na alikuwa na haki ya kukasirika. Mtunza ghala hawekewi walinzi wawili nyuma yake bila kuambiwa. Lakini mkewe alikuwa hai, mbele yake, anacheka mpaka kamba inatikisika, na majani yaliyokuwa mfukoni mwa shati lake yakageuka kuwa majani tu.

“Hukuniamini,” alisema mwishoni.

“Sikukuamini.” Kicheko kilikuwa kimekwisha. “Miaka yote hii nilikuwa sijakuona ukimtazama Sista. Nilikosea, Baba Fortunatus. Kama ningekuamini, angenyweshwa na mtu mmoja tu.” Akaupapasa ule mkono wake wenye malengelenge ya usukani wa baiskeli. “Bondeni ulipita njia ya mawe?”

“Ndiyo.”

“Mm,” alisema, akaacha mkono wake pale.

Kisha akamwagiza. Kopo la nje liondoke leo leo. Shina lote lililolainika likatwe, mpaka afike mahali pagumu, hata kama ni nusu ya Sista. Vipande vizima vitiwe kwenye chupa za maji, vifundo vizame, majani yasizame. Kimoja kipandwe kwenye udongo mpya katika kopo lile lenye matundu. Achomeke kidole, kikitoka na udongo umeng'ang'ania, asitoe hata tone.

“Nisifanye kitu?”

“Usifanye kitu.”

“Siku zote?”

“Ndiyo kazi yenyewe,” alisema Scholastika. Anjelina alikuwa amekwisha kuleta chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa, na ncha ya kile kipande kilichotoka Newala ikaingia humo, ikawekwa dirishani juu ya kitanda.

Aliporudi, aliinua kopo la zamani kutoka ndani ya lile la Bwanali. Maji meusi yalikuwa yamesimama kina cha kiganja, na harufu yake ilimtoa Cecilia nje. Mzee alishika kisu, akasimama mbele ya ukuta muda mrefu. Mmea ulikuwa umeizunguka ndoa yake nzima. Akakata. Urefu wa juu ya mlango ulianguka wenyewe pamoja na uzi.

Bwanali alilipokea kopo lake, akalichungulia. “Kosa halikuwa la kopo,” alisema.

“Halikuwa la kopo. Katilie mwenyewe tumbaku yako humo.”

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zile za majani. Kushuka bondeni ni kazi. Kukaa ni adhabu. Alichomeka kidole asubuhi, akachomeka baada ya chai, akachomeka akitoka msalani, mpaka Bwanali akauliza kama anampima Sista homa. Kidole kilitoka na udongo. Mchana mmoja uvumilivu ulimwishia, akajaza kikombe, akaenda kwenye kabati. Akamkuta Cecilia amesimama hapo na kata, na mlangoni Mama Yassini, ambaye safari hii hakukumbuka hata kutaja chumvi, ana jagi mkononi. Walitazamana wote watatu.

“Mama alinituma,” Cecilia alinong'ona.

“Na mimi pia,” alisema Mama Yassini.

“Najua aliyewatuma. Amenituma mimi niwazuie.”

Alichomeka kidole mbele yao. Kilitoka na udongo. Mzee Alfredi akakiangalia kikombe chake, maji meupe ya bondeni, akakaa kwenye kiti na kuyanywa yote mwenyewe, bila kupumzika. Cecilia naye akanywa yake. Mama Yassini aliondoka na jagi lake, anacheka mpaka kwao.

Mizizi ilitokea kwenye chupa kabla mvua hazijaanza: meno madogo meupe kwenye vifundo. Kwenye kopo, jani jipya lilichomoza likiwa limekunjwa kama karatasi ya sigara. Mzee hakuligusa. Siku hiyo hiyo dereva alisimamisha lori mbele ya nyumba, akapiga honi, akaita bila kuzima injini.

“Mzee! Mama anatembea kwa magongo. Wanamruhusu Jumamosi. Anakuja na chupa yake, amesema nisithubutu kuitia maji.”

Mzee Alfredi alisimama mlangoni, akaingia, akatoka, akaingia tena. Kisha akafunga madumu kwenye baiskeli. Mwanamke aliyelala wiki zote hizo juu ya mgongo wake angetaka kuoga, na si kwa kikombe.

Chemchemini wanawake walimwona kwa mbali.

“Shikamoo, babu. Sista bado ana kiu?”

“Marahaba. Sista ameshiba,” alisema, akiingia kwenye foleni na madumu yake manne. “Mwenyewe anarudi. Nisogezeeni kidogo.”